Tembo la Pemba Halingoji Jioni

Jua likichomoza juu ya mikarafuu, mgema wa Pemba huwa ameshashuka mnazi wa kwanza na anauendea wa pili. Kiunoni amechomeka kotama, kisu kipana kilichopinda, na begani amening'iniza kibuyu. Huko juu, katikati ya makuti, shada la maua lililo bado ndani ya karara limefungwa kamba, limegongwagongwa taratibu kwa siku kadhaa, limeinamishwa na kukatwa ncha. Utomvu umedondoka usiku kucha. Mgema humimina alichokikuta, huchonga ncha ile tena, kipande chembamba kama ganda la kitunguu, hutundika kibuyu chake na kuteremka. Jioni atarudi kuchonga tena, na kesho alfajiri vivyo hivyo, mpaka shada limalizike.

Kuanzia dakika ile saa zinahesabika. Utomvu mbichi wa mnazi una sukari ya asilimia 10 hadi 15, nao unadondoka ndani ya chombo kilichojaa wageni: nyuki, nyigu, sisimizi, na chachu zilizobaki kwenye kuta za kibuyu tangu jana. Chachu kuu ni ileile ya waoka mikate, Saccharomyces cerevisiae, na mara nyingi hufuatana na bakteria aitwaye Zymomonas mobilis, hodari wa kugeuza sukari kuwa kileo kwa muda mfupi. Baada ya saa mbili tatu povu linaanza kupanda. Siku ikimalizika kileo kimefika asilimia 4 au 5. Siku chache baadaye bakteria wengine wameshakila kileo chote, na kilichobaki ni siki. Tembo tamu, tembo kali na siki ni utomvu mmoja katika umri tofauti, na umri huo hupita upesi.

Historia ya tembo Pemba imetawaliwa na saa hizo. Nazi huweza kungoja shehena, mbata hukaa ghalani miezi, karafuu kavu hufika Bombay na Singapore bila kupoteza harufu. Tembo halikuweza kungoja chombo wala mnunuzi wa mbali. Kwa hiyo halikuandikwa katika vitabu vya forodha, halikujenga nyumba za mawe, na wanahistoria wa biashara wamelipita kama halikuwapo, ingawa lilinyweka, likapikiwa na likabishaniwa kwa karne nyingi.

Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani hii kwa mara ya mwisho mwaka 916 hivi, aliandika kwamba nchi ya Zanj ina visiwa vingi vinavyoota minazi na kwamba nazi ni tunda la watu wote wa huko. Katika sentensi zinazofuata anakitaja kisiwa kimoja chenye Waislamu na ukoo wa kifalme, safari ya siku moja au mbili kutoka bara, jina lake Kanbalu. Wataalamu wengi wanaamini Kanbalu ilikuwa Pemba, na baadhi yao huelekeza kidole Ras Mkumbuu, rasi nyembamba iliyoko magharibi ya Chake Chake, ambako magofu ya msikiti na makaburi yamesimama hadi leo. Kwa hiyo tangu maandishi hayo mambo mawili yanakaa pamoja kisiwani: minazi na Uislamu. Mengi ya kisa cha tembo yametokana na ujirani huo.

Minazi yenyewe ilikuja kutoka mbali. Utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya dunia ina asili mbili, moja ya upande wa Bahari ya Hindi na nyingine ya Pasifiki, na kwamba katika kona hii ya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi damu hizo mbili zimechanganyika. Mabaharia wa Kiaustronesia, wale walioifikia Madagaska, wanahusishwa na mchanganyiko huo. Nao walitoka katika visiwa ambako ugema ni kazi ya kale. Inaingia akilini kabisa kwamba kotama ilisafiri na mbegu.

Maelezo mazuri ya kale ya kazi hii hayakuandikiwa Pemba, ila yaliandikwa na mtu aliyetoka pwani hii moja kwa moja. Msafiri Ibn Battuta alizuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, kisha akapanda chombo Kilwa kwenda Dhofar, kusini mwa Oman. Huko aliwaona watumishi wakipanda minazi asubuhi na jioni. Walilikata shina la shada, wakaacha kiasi cha vidole viwili, wakatundika chombo kidogo. Aliyepanda alikuwa na vifuu viwili, kimoja kikiwa na maji. Alimimina utomvu kwenye kifuu kimoja, akaosha shina kwa maji ya kifuu cha pili, akachonga kidogo, akafunga tena. Utomvu uliokusanywa ulichemshwa mpaka ukawa mzito, ukaitwa asali, na wafanyabiashara wa India, Yemen na China wakainunua.

Kile kifuu cha maji kinaeleza mengi. Mgema anayetaka utomvu ubaki mtamu lazima apigane na chachu tangu juu ya mti: aoshe shina, aoshe chombo, ashuke mapema, awahi moto. Anayetaka tembo kali hufanya kinyume, huacha mashapo ya jana ndani ya kibuyu ili yaamshe utomvu wa leo, nao huanza kuumuka ungali unadondoka. Ukikionja kilichotoka kwenye kibuyu kisafi saa kumi na mbili asubuhi, ni kama maji yaliyotiwa sukari nyingi na maziwa kidogo, meupe ya ukungu, yenye harufu ya ua na ya mti mbichi. Kufika saa nne ulimi unaanza kuchomwachomwa na viputo, utamu umepungua nusu, na uchachu umeingia. Watu wanaolijua tembo hupenda hasa wakati huu wa katikati, utamu na ukali vinapogawana kinywa. Alasiri limeshakuwa kavu na lenye nguvu. Kesho yake harufu ya siki inatangulia kabla ya kibuyu kufikishwa mdomoni.

Japani ilikumbana na tatizo hilohilo kwa kinywaji kingine, na njia iliyoifuata inaangaza hali ya Pemba vizuri. Sake hutengenezwa kwa mchele, ukungu uitwao koji, chachu na maji, nayo ikiachwa mbichi huharibiwa na bakteria wakati wa joto. Kitabu cha kumbukumbu cha watawa wa Tamon'in huko Nara, cha karne ya 16, kinataja kuipasha moto ili idumu, karne tatu kabla Louis Pasteur hajaeleza kwa nini moto huhifadhi mvinyo. Mkemia Mwingereza Robert William Atkinson, aliyefundisha Tokyo na kuchapisha utafiti wake mwaka 1881, alistaajabu kuwakuta watengenezaji wakipima joto bila kipimajoto. Moto ule ndio uliowezesha sake kuwa bidhaa ya meli na maghala. Sake isiyopashwa, namazake, ilibaki kuwa raha ya waliokaa karibu na kiwanda, hasa mwisho wa baridi inapokamuliwa mpya, mpaka majokofu na malori ya baridi yalipoanza kuifikisha miji yote katika miaka ya 1980. Leo wanaoipenda hutafuta ndani yake kile kile ambacho mnywaji wa tembo hukijua bila kuelezwa: viputo, uhai, na ladha isiyofanana wiki hii na wiki ijayo.

Pemba ilikuwa na mchele wa kutosha. Sarah Walshaw, aliyechambua mabaki ya mimea yaliyochimbuliwa Tumbe na Chwaka kaskazini mwa kisiwa, alionyesha kwamba watu wa Tumbe kati ya karne ya 8 na ya 10 walitegemea zaidi uwele, na kwamba kuanzia karne ya 11 wenyeji wa Chwaka walizidi kugeukia mpunga, wakati uleule mji ulipokuwa ukijenga misikiti yake ya mawe. Uwele ni nafaka ya pombe sehemu nyingi za Afrika. Mpunga, kwa upande wake, uliingia katika wali wa karamu na katika mikate. Mchele wa Pemba haukugeuzwa kinywaji, lakini ulikutana na chachu ya mnazi mahali pengine kabisa, jikoni.

Kabla hamira ya kopo haijafika madukani, wapishi wa pwani walitumia tembo kuumulia. Mchele uliolowekwa ulisagwa na tui la nazi, ukatiwa sukari, iliki na tembo kidogo, ukafunikwa mpaka uvimbe, kisha ukaokwa ukawa mkate wa kumimina. Vitumbua vilifuata njia hiyo hiyo. Ng'ambo ya bahari, huko India, Wagoa huumua sanna zao kwa tembo la mnazi, na wapishi wa Kerala hufanya hivyo kwa vibibi vyao vya mchele viitwavyo appam. Wagoa walipohamia Zanzibar kufanya kazi za ofisi, ushonaji na mikate, hawakuhitaji kufundishwa kitu na wagema wa huku. Kileo karibu chote huishia motoni. Ndiyo maana mama aliyechukia ulevi kwa moyo wake wote aliweza kumtuma mtoto kwa mgema akiwa na kikombe, na jirani asione ajabu.

Wanazuoni, kwa upande wao, walikuwa na sheria iliyolijua suala la saa vizuri sana. Hadithi sahihi zinasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliloweshewa zabibu, akanywa maji yake siku ile na ya pili na ya tatu, na baada ya hapo yakimwagwa. Kipimo ni kulevya. Utomvu wa alfajiri ambao haujaumuka ni halali kama maji ya miwa. Ukishalevya, wingi wake na uchache wake vyote ni haramu. Na madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Wapemba wengi, yanaongeza hatua ya tatu: kileo kikigeuka siki chenyewe, bila kutiwa kitu cha kukigeuza, hutahirika. Kwa hiyo chupa moja iliyosahauliwa pembeni ya jiko ingeweza kuwa halali, ikawa haramu, ikarudi kuwa halali, pasipo mtu kuigusa. Mpaka kati ya tembo tamu na tembo kali haujawekwa alama popote isipokuwa ulimini, na Muislamu mwenye kujichunga alijiepusha nalo mapema kuliko sheria ilivyomlazimisha.

Hili liliathiri pia jinsi mgema alivyotazamwa. Pwani yote, kugema kulikuwa ujuzi wa kuheshimiwa na kushukiwa kwa pamoja, na methali ya mgema anayesifiwa akalitia tembo maji haimchukulii kama fundi tu. Inamtazama kama muuzaji ambaye mnunuzi lazima amwamini kwa kitu asichoweza kukipima.

Karne ya 19 ilibadilisha mizani. Utawala wa Oman uliichukua Pemba kutoka kwa Wamazrui wa Mombasa mapema miaka ya 1820, na miongo iliyofuata ikaleta mikarafuu pamoja na watumwa wa kuipanda. Kimbunga cha Aprili 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichozalisha karafuu nyingi zaidi. Maelfu ya watu waliletwa kutoka bara kwa nguvu, wengi kutoka jamii ambamo pombe ya nafaka ilikuwa sehemu ya kazi ya pamoja, harusi na matanga. Uwele wa kuchachua haukuwapo mashambani mwa karafuu. Minazi ilikuwapo kila upande. Amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa iliwaacha wengi wao wakiishi pembezoni mwa mashamba yale yale, na mwaka huo huo Wakristo wa Kikweka wakafungua misheni yao Banani, karibu na Chake Chake, wakiwapa watu waliotoka utumwani kazi na masomo. Wakweka nao walikuwa maadui wa ulevi. Kwenye jambo hilo mmisionari kutoka Uingereza na kadhi wa mjini walisimama safu moja, ingawa karibu kila kitu kingine kiliwatenganisha.

Mataifa makubwa yalikuwa yameshaingilia suala la vileo kwa njia yao. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 uliweka ukanda mpana wa Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini pamoja na visiwa vya karibu, ambamo uingizaji na utengenezaji wa vileo vya kukeneka ulizuiwa au kutozwa ushuru. Zanzibar ilikuwa ndani ya ukanda huo. Mkataba ule uliwalenga wenye meli zilizojaa jini na ramu, na kisheria uligusa pia zarambo, kileo kikali ambacho watu wa pwani walikikeneka kutokana na tembo. Tembo lenyewe lilipita chini ya mkataba bila kuguswa. Lilikuwa halina pipa, halina lebo, halina bandari.

Aliyelidhibiti kwa kweli alikuwa mwenye shamba, kwa hesabu yake ya mbata. Shada linalogemwa halizai nazi. Mti mmoja ukigemwa hutoa lita moja au mbili kwa siku na fedha taslimu kila jioni, lakini mwenyewe hukosa nazi ambazo angezipasua, kuzianika na kuziuza kwa wasafirishaji. Mbata ilipokuwa bidhaa ya pili ya Zanzibar baada ya karafuu, kila karara liligeuka swali la fedha: leo au baadaye? Mwenye minazi kumi na deni la duka la Mhindi alikuwa na sababu zote za kuchagua leo.

Upande wa pili wa mkondo, Kenya, swali hilo lilijibiwa kwa namna nyingine. David Parkin, aliyefanya utafiti kwa Wagiriama wa Kaloleni katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu mwaka 1972, aliwakuta vijana wenye biashara wakinunua minazi kwa ajili ya mbata, huku tembo likibaki lazima katika mahari, mazishi na ushahidi wa wazee juu ya mauziano ya ardhi. Mnunuzi mwenye hela aliwahitaji wazee, na wazee walihitaji kunyweshwa. Mwanahistoria Thomas Herlehy alieleza jinsi tembo, katika Rabai ya karne ya 19, lilivyofunga undugu wa kuchanjana kati ya Wamijikenda na wageni wa biashara. Huko mnazi ulikuwa taasisi. Serikali ya Kenya ilitunga sheria ya vileo vya asili mwaka 1971, na nyingine ya udhibiti wa vileo mwaka 2010, lakini mangwe, vibanda vya tembo, viliendelea katika zama zote mbili.

Pemba hapakuwa na mangwe za namna hiyo. Kisiwa ambacho karibu wakazi wake wote ni Waislamu kililiweka tembo kando ya njia, kwa kimya kinachoeleweka na kila mtu: kwa vibarua wa msimu wa karafuu, kwa wageni kutoka bara, kwa wachache wanaojulikana na wasiotajwa. Kimya hicho kimewapotosha waandishi wengi wa nje, wakadhani hapakuwa na lolote la kuandika. Ilhali ushahidi umesimama wima mashambani. Shina la mnazi halina ngozi ya ndani inayokua na kuziba jeraha kama ya mwembe au mkarafuu. Panga likichonga kidato cha mguu, kidato hicho kitabaki wazi mpaka mti uanguke. Mkwezi wa nazi hupanda mti kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mgema hupanda mara mbili kila siku, ndiye anayehitaji zaidi ngazi ya kudumu. Mnazi mrefu huishi miaka 80 na zaidi, kwa hiyo wapo hadi leo wenye vidato vilivyochongwa na watu waliokuwa vijana kabla ya Mapinduzi ya 1964. Mtafiti mwenye subira angeweza kuvisoma shamba kwa shamba, na kazi hiyo inastahili kufanywa haraka, kwa kuwa minazi mikongwe hukatwa kuwa mbao kila mwaka.

Na mikate bado ipo. Mkate wa kumimina unaouzwa leo Wete na Chake Chake huumuliwa kwa hamira ya paketi, nao huwa tayari kuokwa kwa muda wa saa moja au mbili. Ule wa tembo hutaka kungojewa zaidi, hasa asubuhi yenye ubaridi wa mvua za masika, na unga wake hupanda bila haraka, ukitoa viputo vidogo vya usawa. Ukiiva huwa na uchachu mdogo chini ya utamu wa sukari na iliki, na matundu membamba yanayopita kutoka chini hadi juu. Mpishi anayeutaka hivyo humwambia mgema usiku, na kulipokea tembo kabla ya saa mbili asubuhi. Likichelewa mpaka mchana, mkate utavimba vizuri lakini utakuwa mkali mno kwa watoto.